Feni za Seva Yetu na Hewa ya Kigali

Wanafunzi waingiao chumba cha kompyuta hulalamika juu ya kelele ya seva, na mara mbili nimekuta mtu ameifungua kifuniko "ili ipate hewa." Seva ile ndiyo ihifadhiyo alama zetu na masomo tuyasomayo, nayo hatuna ya pili. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze kazi ya feni zake nne.

Kwanza hewa yenyewe. Kigali imeinuka juu ya bahari kiasi cha mita 1,567, na hewa ya hapa ni nyepesi: uzito wake ni kama sehemu tano katika sita za hewa ya pwani yenye joto sawa. Feni husukuma ujazo wa hewa, lakini kibebacho joto ni uzito wake. Basi feni izungukayo mara 5,000 kwa dakika kule Mombasa, hapa yapaswa kuzunguka kama mara 6,000 ili kuondoa joto lile lile. Ndiyo sababu seva nyingi ziruhusiwazo kufanya kazi katika joto la digrii 35 hupunguziwa digrii 1 kwa kila mita 300 kupita mita 900 hivi. Kwetu kikomo ni karibu digrii 33. Mchana wa Kigali kwa kawaida haufiki huko, lakini chumba kilichofungwa chenye kompyuta nyingi chaweza kufika.

Sasa waya. Plagi ya feni ina matundu manne: la kwanza ni la waya wa chini, la pili huleta umeme wa volti 12, la tatu hurudisha habari ya mwendo, mapigo mawili kwa kila mzunguko, na la nne huleta amri ya kasi. Plagi yenye matundu matatu huingia pia katika pini hizo nne, ila amri haifiki, na mara nyingi feni huzunguka kwa nguvu zote daima. Kabla ya kukaza feni, tazama mshale ulio ubavuni mwake: hewa yapaswa kuingia mbele ya seva na kutokea nyuma.

Juu ya ubao mkuu kuna kompyuta ndogo ya ulinzi, isiyolala hata seva ikizimwa, maadamu umeme upo. Hiyo husoma joto na mwendo, kisha hutoa amri. Mwaka jana feni moja ilikufa, ikanunuliwa nyingine mjini, nzuri na ya kimya. Ilipopoa ilizunguka mara 400 tu kwa dakika, na mlinzi yule alikuwa amewekewa kiwango cha chini cha 500. Akadhani feni imekufa, akaziamuru zote zikimbie. Mwendo ulipopanda akatulia. Ukashuka tena, akashtuka tena. Usiku kucha zikawa zinavuma na kunyamaza.

Kwa programu iitwayo ipmitool kiwango hicho chaweza kushushwa, na wengi hufanya hivyo. Mimi sikupenda. Kelele ingekwisha, lakini feni dhaifu ingebaki katika hewa nyepesi. Tulitafuta feni ya aina ile ile ya kwanza, na kelele mnayoisikia ndiyo yake.

Na kifuniko? Kikifunguliwa, hewa hupita njia fupi iliyo wazi, wala haipenyi tena kati ya mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa. Seva iliyo wazi huungua upesi kuliko iliyofungwa. Kifungeni.

Vumbi jekundu la kiangazi, Juni hadi Agosti, huziba mapezi hayo. Mimi huzima seva, huchomoa waya wa umeme, hushika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kisha hupuliza kutoka nyuma kwenda mbele.