Kabati la jikoni: kagua mbao kabla hujapiga picha

Leo naongelea makabati ya jikoni ya mbao, maana hapa nilishawahi kulia.

Mwaka wangu wa kwanza kuuza mtandaoni nilichukua kabati la mninga kwa fundi mmoja Keko, Dar es Salaam. Limepigwa vanishi, linang'aa, picha zikatoka safi, likauzika siku ileile. Baada ya wiki sita hivi mteja akanitumia video: milango miwili imepinda, haifungi, na ubao wa juu umepasuka. Nampigia fundi, ananiambia, "Mwambie asiliweke karibu na jiko." Jamani, kabati la jikoni likae wapi sasa? Nikarudisha hela yote. Faida ya mwezi ikaishia hapo.

Shida ilikuwa mbao mbichi. Mbao ikikauka inasinyaa, tena inasinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, ndo maana mlango unapinda ukiwa tayari uko kwa mteja. Vanishi inaficha tu.

Siku hizi naenda kwa fundi kabla hajapaka chochote. Naomba kipande kilichobaki cha mbao ileile, nakipima kwenye mizani ndogo ya jikoni, naandika gramu, nakiacha ndani siku saba, napima tena. Kikipungua sana, hiyo mbao bado ina maji, nasubiri. Kama fundi ana kipima unyevu, kazi inakuwa rahisi: natafuta asilimia 12 hivi. Ikisoma 20 sichukui, hata anipunguzie bei.

Halafu kuna paini inayopakwa rangi ikaitwa mninga. Geuza mlango uangalie upande wa ndani, nyanyua, kandamiza kucha. Paini ni nyepesi na kucha inaacha alama. Sio mbao mbaya, mimi nauza sana, ila iuzwe kwa jina lake na bei yake. Ukiona vitundu kama vya sindano vinatoa unga laini, kuna wadudu ndani. Acha.

Makabati mengi mlango ni mbao, ndani MDF. Sawa tu, isipokuwa chini ya sinki. MDF ikinywa maji inavimba na hairudi, kwa hiyo hapo dai mbao au plaiwudi nzuri. Droo ivute mpaka mwisho ikiwa na kilo tano za mchele ndani. Ikilalia upande, reli hazifai.

Fundi mpe advansi nusu, iliyobaki baada ya kukagua. Na ukipiga picha, piga pia mgongo wa kabati na chini ya droo, uandike aina ya mbao. Wateja wangu wa zamani sasa hivi wanaomba picha ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye.