Kabureta Inasingiziwa

*Nina Land Rover 109 ya petroli niliyoachiwa na baba. Nikitoka Buhare inakwenda vizuri, lakini nikishapita Bweri kuelekea Makutano inaanza kukosa nguvu, inashtukashtuka, mwisho inazima. Nikiiacha kama robo saa inawaka yenyewe vizuri tu, halafu mbele yanajirudia yale yale. Mafundi wawili wanasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Wa tatu anataka kunifungia pampu ya umeme. Nishike la nani?*
*Mrithi wa Land Rover, Buhare, Musoma*

Mwanangu, kwa sasa usishike la yeyote, na hela ibaki mfukoni.

Jibu lako liko kwenye hiyo robo saa. Jiulize: gari likiwa limesimama pembeni, bila mtu kuligusa, ni kitu gani kinabadilika? Jeti iliyoziba kwa kawaida haizibuki kwa kupumzika. Floti iliyotoboka haijizibi. Ingekuwa kabureta, mara nyingi gari lingekusumbua hata hapo nyumbani. Vinavyobadilika ni hivi: hewa inapata muda wa kupenya ndani ya tenki, uchafu ulionasa kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea unadondoka, na joto linapungua. Vyote hivyo viko nje ya kabureta. Mjini unatembea taratibu na petroli inayofika inatosha. Ukishika lami ukakanyaga mafuta, injini inakunywa kuliko inavyoletewa, na bakuli la kabureta linakauka.

Ila koili nayo ikipata joto huzima gari na kulirudisha likipoa, kwa hiyo hakikisha kwanza. Koili mara nyingi hukata ghafla, kama mtu amezima swichi. Njaa ya petroli huja kwa kukohoa na kushtukashtuka, kama ulivyoeleza. Ushahidi wenyewe uuchukue siku gari likizima, pale pale, kabla hujapiga stata. Zima swichi, fungua boneti, toa mpira wa hewa juu ya kabureta, chungulia kooni huku ukisukuma kwa mkono fimbo ya mafuta. Kabureta yenye petroli itarusha mchirizi mwembamba unaouona kwa macho. Mchirizi ukiwepo, nenda kwenye koili na kondensa. Usipouona, huenda bakuli ni kavu, na wewe na mimi tunaelekea nyuma kwenye tenki.

Anza na mfuniko. Gari likianza kukosa nguvu, simama, ufungue polepole ukiwa umetega sikio. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani, tundu la kupumulia limeziba, na pampu inahangaika kama mtu anayefyonza soda kwa mrija kwenye chupa iliyozibwa mdomo. Nimeona Land Rover nyingi za umri huo zikitembea na mfuniko wa gari jingine, au na mfuko uliosokotwa ukachomekwa shingoni mwa tenki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini kwenye matenki haijasikia tangazo.

Mfuniko ukiwa safi, njoo kwenye pampu. Kama 109 yako ni Series III, Waingereza walioitengeneza kati ya 1971 na 1985 walikufanyia hisani: ubavuni mwa injini ya lita 2.25 waliweka pampu yenye kibakuli cha kioo na kishikio kidogo cha kupampia kwa mkono. Kama yako haijabadilishwa, gereji yako ni hiyo. Subiri injini ipoe, chomoa waya wa betri, na asikaribie mtu na sigara. Tazama kioo. Vumbi jekundu chini ni kutu ya tenki. Tone linaloviringika chini bila kuchanganyika ni maji, na kama hununua petroli ya kwenye chupa vijijini, usishangae. Mapovu ukipampu maana yake hewa inaingia mahali: gasketi ya kibakuli, au mpira uliopasuka kati ya pampu na tenki. Mpasuko wa upande huo hauvuji petroli chini, ndiyo maana mafundi wanaupita.

Sasa fungua bomba linaloingia kwenye kabureta, ulielekeze kwenye chupa, upampu. Kila mkupuo ulete petroli kwa nguvu. Kishikio kikiwa kilegevu na hakileti kitu, usiihukumu pampu: huenda kemu imesimama ikiwa imeubana mkono wa pampu. Zungusha injini kidogo kwa hendeli, ujaribu tena. Petroli ikija kidogokidogo, chomoa mpira wa kutoka tenki, weka mwingine safi unaonyonya kwenye kidumu cha petroli, upampu tena. Ikija kwa nguvu, pampu ni nzima, kosa liko kwenye bomba au ndani ya tenki: lishushe, lisafishwe. Ikibaki dhaifu, pampu inadai diaframu na vali zake. Hapo nusa pia stiki ya oili. Ikinuka petroli, diaframu imetoboka na petroli inashukia kwenye injini, usiendeshe mpaka umebadilisha oili. Na tafadhali, usinyonye mpira kwa mdomo. Petroli ikiteleza kwenda mapafuni inaua.

Vyote vikiwa salama, angalia njia ya bomba. Kama kuna fundi aliongeza filta ya plastiki karibu na manifoldi ya ekzosi, petroli inachemka humo na kugeuka mvuke. Ihamishe.

Huyo wa pampu ya umeme muulize ni ya gari gani. Kabureta yako inataka msukumo wa paundi mbili hivi. Pampu iliyotolewa kwenye gari la injeksheni inasukuma karibu 40. Itaishinda nidili ya kabureta, petroli ifurike juu ya manifoldi ya moto. Hata ukipata ya msukumo sahihi, bado itanyonya kutoka tenki lile lile lenye kutu.