Vidonda vya Tumbo: Kinga ya Ukuta wa Tumbo Inavyovunjwa

Fikiria nyumba ya tofali mbichi hapa Mtowisa. Lipu ikiwa nzima, mvua haiidhuru. Lipu ikibanduka, mvua humomonyoa tofali. Ndivyo ulivyo ukuta wa tumbo.

Kinga ya kawaida
Juisi ya tumbo ina asidi ya haidrokloriki (pH 1 hadi 3) na pepsini, kimeng'enya cha protini. Ukuta wa tumbo haumeng'enywi kwa sababu:
(a) Umefunikwa na ute mzito wenye bikaboneti. Karibu na seli, pH hufika takribani 7.
(b) Seli zake zimeshikamana, asidi haipenyi kati yake.
(c) Seli zilizochakaa hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Bakteria *Helicobacter pylori* wanavyoivunja
1. Hutoa kimeng'enya yurease, kinachovunja yurea kuwa amonia na kabonidioksaidi. Amonia hupunguza ukali wa asidi inayowazunguka, hivyo hawafi.
2. Asidi ikipungua, ute hulegea. Bakteria huogelea kwa flajela hadi kwenye seli.
3. Sumu zao huumiza seli na kulegeza maungio yake. Chembe nyeupe za damu huja kupambana. Uvimbe unaotokea huongeza madhara.
4. Asidi na pepsini hupenya. Kidonda hutokea.

Kumbuka: wengi walioambukizwa hawapati kidonda.

Kosa la kawaida
Wanafunzi huandika kuwa chanzo ni pilipili au mawazo. Hivi huweza kuzidisha maumivu tu. Vyanzo vikuu ni bakteria hawa, na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki zikitumiwa mara kwa mara, kwani hupunguza utengenezaji wa ute. Robin Warren na Barry Marshall waliwagundua bakteria hawa Australia mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa kwa makusudi, akapata uvimbe wa tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Swali
Mkulima mwenye vidonda vilivyosababishwa na bakteria hunywa maziwa kila maumivu yanapoanza. Hupata nafuu, kisha maumivu hurudi. Eleza, na umshauri. (Alama 3)

Jibu
- Maziwa hupunguza ukali wa asidi kwa muda mfupi tu. (1)
- Hayaui bakteria, hivyo ute na seli huendelea kuharibiwa. (1)
- Aende kituo cha afya apewe antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na amalize dozi. Akipata choo cheusi kama lami, awahi hospitali: kidonda kinavuja damu. (1)