Kufunguka na kupokezana: istilahi mbili za kemia ya mpira

Katika makala haya nachunguza tatizo nililokutana nalo nilipokuwa nikitafsiri kutoka Kifaransa maandishi kuhusu kutengeneza upya mipira na plastiki ngumu. Kifaransa hutumia sifa moja, "dynamique", kwa mambo mawili tofauti. Nadhani kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuyatenganisha.

Bidoni la maji likiwekwa motoni huyeyuka, na plastiki yake yaweza kufinyangwa tena, kwa sababu minyororo ya molekuli zake imelaliana tu kama kamba kapuni. Tairi haliyeyuki. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba salfa na joto huukomaza mpira: salfa hufunga minyororo hiyo, mmoja kwa mwingine, hata ikawa wavu mmoja wenye mafundo. Mafundo hayo ndiyo uimara wa tairi, na ndiyo yanayolifanya mzigo likichakaa. Husagwa, huchomwa, hukatwa viatu. Kurudi kuwa tairi jipya ni shida. (Neno "mpira" kwa Mkongomani anayejua enzi za Leopold II lina uzito wake, lakini hilo ni somo jingine.)

Wanakemia wanatafuta mafundo yasiyo ya milele. Njia ya kwanza ni rahisi kuisema: joto hukata fundo, minyororo huachana, ikipoa hufungana tena. Mmenyuko wa Diels na Alder hufanya hivyo. Funga, fungua, funguka. Kinyambuzi cha kutendua kinatosha. Haya nayaita mafundo ya kufunguka.

Njia ya pili ndiyo yenye ugumu. Mwaka 2011, mjini Paris, Ludwik Leibler na wenzake walitangaza wavu wa epoksi wenye kichocheo cha zinki. Ukipashwa joto, mafundo yake ya esta hubadilishana wenza, na fundo jipya hushika kabla la zamani halijaachia. Idadi ya mafundo haipungui, kwa hiyo wavu hausambaratiki. Hulainika polepole kama kioo mbele ya mfua vioo. Jina vitrima limetokana na "vitrum", kioo kwa Kilatini.

Mtafsiri akiandika hapa "mafundo hufunguka", msomaji ataona wavu unaovunjika, na kemia yote imepotoka. "Hubadilika" ni pana mno. Hata "hubadilishana" halitoshi, maana sokoni mtu aweza kutoa leo akapokea kesho. Napendekeza kupokezana: pokea, pokeza, pokezana. Mafundi wanaopokezana matofali kwenye jengo hawaachii mpaka mwenzao ashike. Kinyambuzi -an- kinaleta utendano, ila sharti la kutoachia mapema limetoka katika matumizi ya neno, si katika mofimu. Anayefundisha mofolojia peke yake hatalipata.

Istilahi hii inafaa pia kwa mpira, kwa kuwa mafundo ya salfa kwa salfa huweza kupokezana kwenye joto. Hapo linazuka neno la tatu. Tairi hupata joto barabarani, na mafundo yakianza kupokezana safarini, litapoteza umbo. Hivyo yanatakiwa yatulie katika joto la kazi, yaamke kiwandani tu. Kwa hali hiyo nimeandika "mafundo yaliyolala", na nangoja pingamizi za wenzangu wa kemia.