Meno Mazuri au Meno Madogo? Uteuzi wa Ukanda wa Msumeno wa Kukatia Chuma

1. Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza namna ya kuteua ukanda wa msumeno wa kukatia chuma, pamoja na lugha ifaayo kuifafanua kazi hiyo. Chanzo chake ni kosa langu mwenyewe. Fundi mmoja wa jua kali mjini Nakuru, atengenezaye malango na matela ya trekta, aliniomba nimtafsirie maelezo ya Kiingereza yaliyoambatana na msumeno wake mpya. Palitokea kivumishi chenye maana ya "-zuri" na vilevile ya "-dogo na -liokaribiana". Nikaandika "meno mazuri". Fundi alisoma, akanitazama, akauliza: "Mwalimu, mazuri kwa kukata nini?"

2. Kanuni ya Meno Matatu

Msumeno huu hutumia ukanda wa chuma wenye meno upande mmoja, uliounganishwa ncha kwa ncha na kuzungushwa na magurudumu mawili. Ukubwa wa meno hujulikana kwa kuhesabu yaliyomo katika inchi moja, yaani milimita 25.4. Kanuni ya msingi ni kwamba meno yasiyopungua 3 yawe ndani ya chuma wakati wowote. Kwa chuma kisicho na uwazi ndani, 6 hadi 12 ni bora zaidi. Kinachopimwa ni umbali ambao ukanda hupita ndani ya chuma, kwa hivyo namna chuma kinavyolazwa au kusimamishwa nayo ina uzito wake.

Mathalani, bamba lenye unene wa milimita 6 likisimamishwa, ukanda wa meno 14 kwa inchi utaingiza meno 3 na ushei. Ukanda uo huo ukikata bamba la milimita 3, hata meno 2 hayatimii. Ukingo wa chuma hunasa katika pengo na kuyang'oa meno. Hapo pahitajika meno 24. Kinyume chake, kipande cha milimita 75 kikikatwa kwa meno 24, yatakuwamo zaidi ya 70 kwa pamoja. Mapengo yatajaa chembe, na ukanda utasugua badala ya kukata. Meno 4 kwa inchi yatatosha.

Aidha, chuma kisichoshika kutu huhitaji ukanda uende polepole kuliko chuma cha kawaida. Fundi stadi husoma chembe: zilizojikunja huashiria ukataji mwema, unga huonyesha msukumo hafifu, zilizogeuka samawati hutangaza kwamba joto limezidi.

3. Methali na Karakana

Tumezoea kusema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hata hivyo, ukanda hukata upande mmoja tu, ule yanakoelekea meno. Ukifungwa kinyume, haukati. Msumeno wa mkono wa kukatia chuma nao kwa kawaida hukata unaposukumwa mbele. Methali yaafiki zaidi msumeno wa watu wawili wa kukatia magogo. Methali haikukosea, ila neno "msumeno" limebeba vifaa vingi, na anayelitumia hana budi kujua ni kipi anachokitaja.

4. Hitimisho

Sekta ya jua kali ilitambuliwa na serikali ya Kenya katika waraka wa kikao nambari 2 wa 1992, ilhali maelezo ya mitambo yake mengi yangali kwa Kiingereza. Mtafsiri akikosea kivumishi, fundi hupoteza ukanda, na pengine kidole. Ni jukumu letu kuzipeleka istilahi karakanani zijaribiwe kabla ya kuzichapisha. Nilirudi kwa fundi na sentensi mpya: "Kwa chuma chembamba, tumia meno madogo yaliyokaribiana, 24 kwa inchi." Safari hii hakuuliza swali. Aliibandika ukutani, juu ya msumeno.