Kabla Injini Haijafungwa: Mwongozo kwa Wenye Malori na Mafundi wa Jacobs, Durban

Injini ya lori ikishashushwa, sehemu kubwa ya gharama imeshaingia: saa za fundi za kufungua na kufunga, winchi, na siku ambazo lori limelala bila mzigo huku mkopo ukiendelea kudai. Ndiyo maana kabla ya kuagiza spea yoyote, mwenye lori na fundi wakae waulizane: kitu gani, kikifa baada ya miezi sita, kitatulazimisha kuifungua tena injini hii hii? Hicho kibadilishwe sasa, hata kama kinaonekana kizima. Kinachofikiwa kwa spana mbili kando ya barabara kinaweza kungoja. Pangeni kazi kwa jinsi kitu kilivyojificha ndani ya injini. Bei yake ije baadaye. Sili ya nyuma ya kranki ni ya fedha kidogo, lakini ikivuja utashusha gia boksi zima ili kuifikia.

Kijitabu hiki ni cha wenye malori, madereva na mafundi wanaozungumza Kiswahili wanaofanya kazi au kuleta magari Jacobs, eneo la viwanda kusini mwa Durban, jirani na Clairwood na Mobeni, si mbali na bandari. Injini za hapa zinasulubiwa. Lori lenye kontena, uzito wote ukifika hadi tani 56 zinazoruhusiwa kisheria, linaanza usawa wa bahari na kupanda barabara ya N3 hadi Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu, mwendo wa kilomita 570 hivi. Mlima wa Town Hill wa Pietermaritzburg unalikuta mapema, na mlima wa Van Reenen unalisubiri mbele. Aliyepanda mlima Kitonga wa Tanzania na mzigo wa Zambia anaijua hali hiyo: injini iko kwenye nguvu zake zote kwa muda mrefu, mwendo ni mdogo, upepo wa kupoza rejeta ni haba. Na kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Injini iliyofungwa nusunusu huumbuka kwenye milima hiyo.

Chanzo kwanza

Kununua pistoni mpya bila kujua ya zamani iliyeyuka kwa nini ni kununua hasara ya pili. Pistoni iliyoungua kichwa mara nyingi inaishtaki nozeli inayomwaga dizeli badala ya kuinyunyiza, kwa hiyo nozeli zote zipimwe kwenye mashine kabla hazijarudi.

Beringi nazo zinasema mengi zikipewa nafasi. Zitandaze mezani kwa mpangilio, kila jozi na namba ya silinda yake, ya juu na ya chini. Zote zikiwa zimechubuka sawasawa mpaka shaba inaonekana, shuku oili: imechanganyika na dizeli au maji, au pampu imechoka. Jozi moja ikiwa imeliwa pembeni, upande mmoja juu na upande wa pili chini, konrodi ya silinda hiyo imepinda. Beringi zilizorundikwa kwenye ndoo haziwezi kukueleza chochote, na tunasisitiza hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi gereji zinapobanwa na kazi.

Kuhusu konrodi zilizopinda, kumbukeni mafuriko ya Aprili 2022 ya KwaZulu-Natal, yaliyozamisha baadhi ya viwanda vya kusini mwa Durban. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ikiyavuta ndani na kuendelea kuzunguka, konrodi ndiyo inayojikunja. Inaweza kupinda kidogo tu na injini ikaendelea kufanya kazi. Ukinunua injini iliyotumika usiyoijua historia yake, pima kila pistoni inafika juu kiasi gani ikiwa kileleni. Inayobaki chini kuliko wenzake, konrodi yake itolewe.

Laina na hedi

Hapa ndipo tunapowaomba mtumie muda. Injini nyingi kubwa za dizeli zina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Pistoni inapoupiga ukuta, laina hutetemeka, viputo vya mvuke huzaliwa upande wa maji, kisha huporomoka juu ya chuma kwa nguvu. Hilo likijirudia mamilioni ya mara, mgongo wa laina unatobokatoboka kama muhogo ulioingiliwa na wadudu, na mwisho maji yanapenya ndani ya silinda. Chomoa laina, isugue kutu, ielekeze kwenye mwanga. Vishimo huwa vimekusanyika upande ule pistoni inakosukuma. Ukiviona, badilisha laina, halafu muulize dereva alikuwa anajaza nini kwenye rejeta. Maji matupu ya bomba hayana dawa ya kuikinga laina. Kulanti inayoshauriwa na mtengenezaji inayo.

Laina mpya isikalishwe kabla ya kukagua kingo ya bloku inayoibeba. Kutu au ufa mahali hapo huifanya laina izame. Kwa kawaida kichwa cha laina husimama juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini husika. Kipimeni kwa saa ya kupimia, silinda moja moja. Laina ikiwa chini ya kipimo, gasketi mpya haitabanwa vizuri, na injini itaanza kuchemsha.

Hedi ipelekwe ikajaribiwe kwa shinikizo, maana nyufa za katikati ya viti vya valvu hazionekani kirahisi. Kama injini yenu ina vikombe vya shaba vinavyoshika nozeli, badilisheni vyote na oringi zake. Kimoja kikivuja, dizeli na maji vinachanganyika. Boliti za hedi zinazovutika zinapokazwa zisirudiwe.

Vinavyosahaulika

Kizuia mtikisiko kilicho mbele ya kranki, kile cha duara chenye silikoni nzito ndani, kinachakaa bila kuonyesha alama. Silikoni ikiganda, mtikisiko wote unabaki kwenye kranki, nayo inaweza kukatika. Badilisheni kwenye ovaholi, na kilichobonyea kitupwe siku hiyohiyo.

Kama beringi zililika, kipoza oili kimejaa chembe za chuma. Njia zake ni nyembamba, na hakuna kuosha kunakoaminika kuzitoa zote. Wekeni kipya. Turbo na mabomba yake ya oili vikaguliwe kwa sababu hiyohiyo, na vizibo vya njia za oili vya bloku vifunguliwe ili zioshwe.

Gia boksi likiwa chini, tazameni klachi, beringi yake, beringi ndogo ya ndani ya flaiwili, meno ya flaiwili na raba za kushikilia injini. Wota pampu na thamostati hatuna haja ya kuvijadili: wekeni vipya.

Haki yako gereji

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya 2008, inamlinda mtu binafsi mwenye lori lake. Kampuni kubwa zikiwa wateja hazilindwi nayo. Gereji haipaswi kukutoza zaidi ya makadirio uliyoyakubali bila ridhaa yako. Spea za zamani zilizotolewa ni zako, urudishiwe usipozikataa. Spea mpya au iliyofufuliwa, pamoja na kazi ya kuifunga, ina dhamana ya angalau miezi mitatu tangu siku ilipofungwa. Kwa hiyo tarehe, kilomita na orodha ya spea viandikwe kwenye risiti. Mkishindwana, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman wa Sekta ya Magari. Huhitaji uraia kudai haya.

Kuwasha mara ya kwanza

Oili isukumwe kwenye njia zake kabla ya kuwasha, ili turbo na beringi zisianze kavu. Ikishawaka, jicho liwe kwenye geji ya oili, na msiiache injini ikiunguruma bila kazi kwa muda mrefu, kwa kuwa ringi hukaa vizuri zikipewa mzigo wa wastani. Safari ya kwanza iwe ya karibu. Ikirudi, toeni chujio la oili, likateni, mtandaze karatasi yake juani. Chembe chache laini ni za kawaida kwa injini mpya. Vipande vya shaba vinavyong'aa vikionekana, lori lisipande N3: rudini kwa fundi na risiti mkononi, miezi mitatu haijaisha.