Bolti Nyeusi, Bawaba Nyeusi: Mafunzo Niliyopata Kariobangi

Natengeneza mageti na grili za madirisha pale Kariobangi Light Industries. Wateja wangu wa Umoja, Kayole na Komarock siku hizi wanataka vyuma vyote viwe vyeusi, hadi bolti.

1. Uliza weusi umetoka wapi. Duka moja laweza kukuuzia aina tatu: iliyopakwa rangi, iliyochovywa dawa ya moto na kupakwa mafuta, na ya zinki nyeusi. Ile ya mafuta haina zinki kabisa. Ukiifunga getini, mvua za Aprili zitaimaliza. Kwenye zinki nyeusi, chuma hupakwa zinki kwa umeme, kisha huchovywa kwenye dawa, mara nyingi ya kromu, inayogeuza uso wa zinki kuwa mweusi. Weusi huo hula zinki. Kama tabaka lilikuwa jembamba tangu mwanzo, linalobaki kulinda chuma ni kidogo mno, na kwa macho huwezi kujua.

2. Beba kitambaa cheupe kikavu. Sugua kwa nguvu. Kikitoka na masizi, weusi haujashika: pengine kipande kilikaa kwenye dawa kupita kiasi. Lakini bidhaa iliyotoka kiwandani leo ipe siku nzima ikauke, usiihukumu mapema.

3. Chungulia ndani. Umeme hupenda ncha na kingo, kwa hiyo ndani ya nati na kwenye kona za bawaba zinki hufika kidogo. Kutu huanzia huko. Wauzaji hukuonyesha kichwa cha bolti, wewe geuza.

4. Tofautisha kutu. Unga mweupe maana yake zinki inajitoa mhanga badala ya chuma. Wekundu maana yake zinki imekwisha. Maabara hufuata kipimo cha ISO 9227: ukungu wa maji yenye chumvi gramu 50 kwa lita, katika nyuzi 35 za Selsiasi, huku wakihesabu saa hadi kila kutu itokee. Mimi huweka bolti za maduka mawili kwenye bakuli moja la maji ya chumvi. Hicho si kipimo cha maabara, ila iliyo dhaifu hujitangaza yenyewe.

5. Rangi ya mafuta haikai juu ya zinki. Zinki huigeuza sabuni pale chini, nayo hubanduka kama ganda. Paka kwanza praima ya mabati. Ikikauka, chora kwa wembe mistari sita hivi na sita vile, bandika selotepu, vuta. Miraba ikitoka na selotepu, kwaruza uanze upya.

6. Saga zinki kabla ya kuchomelea. Moshi wake huleta homa usiku, na maziwa hayazuii, hata mafundi waseme nini.

Mwenye duka akikukataza kusugua bolti moja kabla hujanunua mia, nunua kwa jirani yake.